Warina Asali Waliosoma Wakiwa Porini

Levina aliusoma ule ukurasa mara ya pili, na chai ikamshinda.

Kazi yake katika taasisi ile ya Tabora mjini ilikuwa kusoma kumbukumbu za seva. Kila mwanafunzi anapofungua somo la mtandaoni, seva huandika jina lake, saa, na simu au kompyuta aliyotumia. Haijui kumsitiri mtu. Mkuu wao, Bwana Eustace, alitaka ripoti kabla mgeni wa wafadhili hajafika. Ikionekana wafugaji nyuki wa Sikonge wanasoma vizuri mtandaoni, Mwalimu Tobia, anayewazungukia vijijini kwa baiskeli, angeachishwa kazi. Eustace alikuwa akimwita gharama isiyo na lazima, hata Tobia mwenyewe akiwa anasikia.

Na kumbe walikuwa wanasoma kweli, tena kwa bidii ya kutia shaka. Msimu wote wa kurina asali hawakukosa somo. Levina hakuamini, maana yeye ni binti wa Sikonge. Msimu ule wanaume huhamia kambini, ndani kabisa ya msitu wa miombo, na simu huwaachia wake zao, kwa sababu huko hakuna mtandao wala pa kuchajia. Mtu anayeijua Sikonge angeghushi miezi mingine. Eustace asali anaijua ikiwa kwenye chupa.

Akalitafuta jina la baba yake mdogo, Octavian. Alikuwa amefungua somo asubuhi, akapumzika saa ya chai ya ofisini, akarudi, akaacha ofisi ilipofungwa. Jumamosi na Jumapili hakugusa kitu. Wenzake nao vilevile, na wote kwa kompyuta moja: ya Julieth, karani wa chumba cha pili.

Julieth hakukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba aliagizwa na bosi, na kwamba ana watoto. Levina hakumgombeza, kwa kuwa uchafu ule haukuanzia kwake.

Aliyemtia kinyaa ni Eustace. Alimsikiliza huku anachokoa meno, akacheka, akasema huko ni kuupa mfumo msukumo kidogo tu, watu wa vijijini wataujua mbele ya safari.

"Hakuna aliyeumia, Levina. Weka sahihi."

"Na Mwalimu Tobia?"

"Atapata kazi nyingine."

Levina alitoka bila kuweka sahihi, akaenda kunawa mikono ingawa hakuwa ameshika kitu.

Siku ya mgeni, mama mmoja mtulivu aitwaye Mektilda, wafugaji waliitwa mjini kupokea vyeti. Octavian alifika bado ananukia moshi wa kambini. Levina akamwamkia mlangoni, na baada ya marahaba swali la kwanza la mzee likawa kama Tobia yupo. Mwaka uliopita mnunuzi aliikataa asali yake, akisema ina maji mengi. Tobia ndiye aliyeanza kumfundisha namna ya kuitambua iliyoiva, na somo lilikuwa limefika katikati. Levina akamjibu kuwa Tobia hakualikwa, na aibu ikamshika kana kwamba yeye ndiye mwenye shughuli.

Jina likaitwa. Octavian akakipokea cheti kwa mikono miwili, akakitazama, akauliza ni cha somo gani. Eustace akatabasamu kwa shida, akasema ni la mtandaoni, mzee wangu, lile ulilosoma msimu wa kurina.

Octavian akakiweka cheti mezani taratibu.

"Msimu ule nilikuwa porini. Hiki mpeni aliyesoma. Mimi nirudishieni mwalimu."

Eustace akasema mzee anapenda utani. Mgeni hakucheka. Akamgeukia Levina, akataka kujua kwa nini ripoti aliyopewa haina sahihi ya msomaji wa kumbukumbu. Levina akafungua kompyuta yake, akakielekeza kioo kwa mgeni, akamwonyesha jina la baba yake mdogo, na zile saa za ofisi, na ile kompyuta moja iliyosomesha kijiji kizima.

"Hii kompyuta iko wapi?" Mektilda akauliza.

"Chumba cha pili, mama," Levina akasema. "Lakini aliyetoa amri umekaa naye hapo."