Kiota cha Tisa

Miaka kumi na tisa nimekaa meza moja na Ngatinah, katika karakana ya Semarang, Indonesia, tunakosafisha viota vya mbayuwayu. Unaloweka kiota, unakiweka kwenye mwanga, unang'oa manyoya kwa kibano, moja moja. Ndege huvijenga kwa mate yao, na Wachina wanavipika supu. Mezani tulikuwa wanawake sita, na jioni msimamizi alihesabu viota vya meza nzima. Kwa hiyo mtoto wa jicho alipomwingia Ngatinah, ilibaki siri ya meza. Yeye alimudu vitatu, sisi tukajazia. Hatukuwahi hata kulizungumza.

Mwaka huu kampuni ikaleta mfumo. Kila kiota kinabandikwa namba ya aliyekisafisha, kinapita chini ya kamera, na jina lako linawaka ukutani, la kijani au jekundu. Viota vinane kila mtu kwa siku. Siku tatu nyekundu ndani ya mwezi, unarudi nyumbani kabisa.

"Hiyo kamera inatukodolea kama mama mkwe," alisema Wiji, mdogo wetu pale mezani.

"Basi iniazime jicho," Ngatinah akamjibu. "Macho yangu yamestaafu kabla yangu."

Tukacheka. Kisha kila mmoja wetu akakaza mikono, akasafisha kiota kimoja zaidi na kukibandika namba ya Ngatinah. Vitatu vyake, vitano vyetu. Jina lake likawaka kijani mwezi mzima, nami nikamshukuru Mungu.

Mwezi ulipokwisha msimamizi, Bwana Hendarto, akaja mezani.

"Hongereni, akina mama. Mfumo umeona meza hii haina mzembe. Kuanzia kesho ni tisa."

"Nani kapandisha, bosi?" Wiji akauliza.

"Ninyi wenyewe. Mfumo unajifunza kwenu."

Sasa Ngatinah alihitaji sita vyetu. Wenzangu wanne walijikaza wakafikisha kumi, wakampa kimoja kimoja. Mimi jirani yake, katika kumi vyangu, nikampa viwili, nikabaki na vinane. Jina langu likawa jekundu. Kesho yake vilevile.

Siku ya tatu nilikishika kiota changu cha tisa muda mrefu. Tangu mume wangu afariki, nalea wajukuu wawili peke yangu. Nikakibandika namba yangu.

Ngatinah akapapasa sinia yake kwa vidole.

"Vinane," alisema taratibu. "Umechoka leo, mwenzangu?"

"Nimechoka."

Sikuwa nimechoka.

"Pumzika, dada. Umenibeba sana."

Siku tatu za vinane, za jina jekundu, zikatosha. Alikunja aproni yake vizuri, akaiacha juu ya kiti. Kiti nacho kiliondolewa juma lile lile. Bwana Hendarto alisema watano tunatoa kazi nzuri kuliko sita, na ukutani kweli ilionekana hivyo.

Adhuhuri tulisimama kuswali. Kulia kwangu palikuwa wazi, mahali pa Ngatinah pa miaka yote. Safu haiachwi na pengo. Wiji akasogea, bega lake likagusa langu, nikafunga mikono.