Gauni la Mama Kwenye Meza ya Kufumulia

"Dakika arobaini na mbili, Mwalimu!" Bi Haraka alitangaza, mikono kiunoni. "Hakuna kilichochanika. Njoo ujionee."

Mwalimu alikuwa bado mlangoni na boksi la chaki alilolifuata ofisini. Juu ya meza ya kukatia, vikiwa vimenyooshwa kwa pasi, vilitandazwa vipande vya kitambaa cha buluu iliyofifia: mgongo, kifua, mikono miwili, kola, sketi. Vifungo sita vilikuwa ndani ya kisosi. Alivitambua vifungo kwanza. Akakaa kwenye kiti bila hata kuangalia kama kina pini, jambo ambalo fundi yeyote hulifanya mara moja tu maishani.

Lilikuwa gauni la marehemu mama yake.

Na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kwenye karatasi za chuo somo lake liliitwa Ubunifu wa Mavazi kwa Uchumi Mzunguko, jina ambalo hata mkuu wa chuo hulitamka kwa kupumzika katikati. Wanafunzi waliliita somo la kufumua. Kila mmoja alitakiwa kubuni nguo ambayo, ikibana au ikichosha macho, itafumuliwa na kuwa nguo nyingine bila kipande kwenda jalalani; na kabla ya kubuni, walifumua nguo kuukuu ili wajue zilivyoungwa. Asubuhi hiyo alikuwa amewaambia, "Kila kilichotundikwa kwenye bomba la nguo kifumuliwe." Kisha, akili ikiwa kwingine, akalitundika gauni la mama kwenye bomba hilo hilo. Alitaka kuwaonyesha mishono ya ndani. Kuwaonyesha tu, kwa vidole. Chaki ikaisha, akatoka, mazungumzo ya ofisini yakamnasa.

Bi Haraka alikuwa mama wa watoto watatu aliyejiunga na chuo ukubwani, na alishona kama mtu anayefukuzwa. Alipouona uso wa mwalimu, mikono ilimshuka kutoka kiunoni.

"Lilikuwa lako?"

"La mama."

"Mungu wangu. Na mama mwenyewe..."

"Hayupo. Mwaka wa nne sasa."

Mwalimu hakuwaambia lililobaki, kwamba saa tisa mdogo wake angekuja kulichukua gauni hilo, alivae Jumamosi kwenye harusi ya binti yake. Wala kwamba walikuwa wamegombana kwenye simu. "Dada, mbavuni halipiti," mdogo wake alikuwa amemwambia. "Lifungue kidogo tu." Naye akamjibu kwa ukali ambao ulimshangaza mwenyewe: "Mkasi hautaligusa gauni la mama nikiwa hai." Mdogo wake akakubali shingo upande. "Haya. Nitaacha vifungo vya mgongoni wazi, nijifunike mtandio. Si ndivyo unavyotaka?" Simu ikakatwa. Watu wawili waliobaki duniani wanaokumbuka nyumba moja, na wanagombania mbavu.

"Ulitumia wembe?" Mwalimu aliuliza.

"Wembe wa nini, Mwalimu?" Bi Haraka alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Nguo za dukani ndizo zinazonitoa jasho. Hili niliipata ncha ya uzi, nikavuta, mshono wote ukaja. Kama lilikuwa linaningoja."

Mwalimu akainua kichwa. Alikuwa anausikia ule mlio wa utotoni. Krrrr.

Alikuwa na miaka mitano. Mama ameketi sakafuni, tumbo mbele, gauni mapajani. "Shika hapa, mwanangu. Sasa tembea mpaka mlangoni. Usikimbie." Naye alitembea na ncha ya uzi mkononi, na nyuma yake mshono ukawa unaachia, krrrr, mpaka kizingitini, akacheka akaomba arudie. Cherehani cha mama, kile cha kuzungusha kwa mkono, kilishona kwa uzi mmoja uliojifunga kama mnyororo. Ukijua pa kuvutia, unaachia wote. Mama alilifungua gauni lile kila alipopata mimba, na kulirudisha kila alipojifungua. Alilifungua alipougua akakonda. Mwalimu alikuwa ameyasahau hayo yote. Alilikumbuka gauni likiwa limetundikwa tu.

Akajivuta mezani, akageuza ukingo wa kipande cha ubavuni. Ndani, pale mshono ulipokuwa umeficha kitambaa, mama alikuwa ameacha upana wa vidole vitatu. Na upana huo haukuwa umeona jua. Ulikuwa buluu ya wino, nzito, ile aliyokuwa akificha uso wake ndani yake akiwa mdogo. Alipoiona akalia, mbele ya darasa, bila kujificha.

"Mwalimu, nitalirudisha," Bi Haraka alisema. "Nitakesha."

"Hukeshi. Lete sindano." Alijipangusa machozi. "Ninyi nyote. Vyerehani vyetu vinafunga kwa nyuzi mbili, hatuvihitaji. Mnyororo unashonwa pia kwa mkono, sogeeni muone. Na hapa ubavuni tunashona pembezoni kabisa, vidole viwili tunavitoa nje."

"Lakini rangi, Mwalimu. Itaonekana michirizi."

"Naiona."

Saa tisa kasorobo gauni lilisimama, mbavu zikiwa zimeshikizwa tu kwa nyuzi ndefu. Mdogo wake aliingia amenuna, mtandio tayari mkononi.

"Nimekuja kuchukua. Sikai."

"Limefumuliwa lote," Mwalimu alisema. "Nisamehe. Vaa kwanza, kisha unitukane."

Mdogo wake aliwatazama wale wanafunzi waliosimama kama washtakiwa, akamtazama dada yake mwenye macho mekundu. Hakutukana. Akaenda nyuma ya pazia. Alipotoka, vifungo vyote sita vilikuwa vimefungwa.

"Inua mikono," Mwalimu alisema, akapiga goti na pini zake.

Mdogo wake akainua. Akainamisha shingo, akauona mchirizi mzito unaoshuka toka kwapani hadi kwenye pindo, akaugusa kwa ncha ya kidole.

"Hii ni nini? Mmeongeza kitambaa?"

"Hatukuongeza kitu. Ndiyo rangi yake. Lilikuwa hivyo lote, kabla hujazaliwa."

"Lote?"

"Lote."

Mwalimu alimaliza kuweka pini, akarudi nyuma hatua moja. "Basi, shusha mikono."

Mdogo wake hakuishusha. Alikuwa bado anatazama pale ubavuni, akijigeuza polepole kuelekea dirishani.