Kiroba cha CHINI

Kaka yangu aliniita Dokta wa Matope. Aliniita hivyo mbele za watu, kwa sauti, nami nilijifanya nimekasirika huku kichwa kikivimba.

Na kazi yangu kweli ni hiyo. Katika maabara ya chuo tunaunda tairi ndani ya kompyuta, kisha tunaliwekea ardhi: chembe laki mbili, kila moja imepewa uzito wake, maji yake, na jinsi inavyong'ang'ania mwenzake. Halafu tunazungusha. Kompyuta huhema kutwa nzima ili tairi lizunguke mara nne tu, nasi tunatazama meno yake yakiuma tope, tope likikatika na kupanda pembeni. Ardhi inapolegea, kioo cha kompyuta kinakuwa chekundu.

"Yaani chuo kizima kimekuajiri uendeshe gari lisilokuwepo kwenye tope lisilokuwepo," kaka alisema. "Na bado unakwama!"

Yeye aliendesha lililokuwepo. Gari la wagonjwa, miaka kumi na tisa. Kati ya kwake na hospitali zilikuwepo njia mbili: ya kuzunguka, saa tatu, na ya bondeni, dakika arobaini. Mvua zikishika, hakuna dereva aliyethubutu kupita bondeni. Kaka alikuwa amechoka kuzunguka na watu wanaolia nyuma yake.

Basi siku moja akaja maabara na viroba viwili vya udongo, kila kimoja kimefungwa karatasi kwa kamba. Kimoja kimeandikwa JUU, kingine CHINI.

"Dokta, huu ni udongo wa ile njia. Nataka jambo moja tu. Ukilowa, utanibeba au utanimeza?"

Niliulowesha, nikaukandamiza, nikaupima. Wa JUU ulikuwa na changarawe, mkaidi. Wa CHINI ulikuwa mfinyanzi mtupu, ukipata maji unateleza kama sabuni. Kwetu maabara kila mfuko huandikwa tabaka lake: juu ni ngozi ya ardhi, chini ni kilichofunikwa na ngozi hiyo. Nikatandika mfinyanzi, nikaufunika kwa changarawe, nikateremsha tairi. Likazama sentimita sita, likashika, likapita. Kioo hakikuwa hata na doa jekundu.

Mkuu wa maabara alisimama nyuma yangu. "Una hakika na hayo matabaka? Mpigie aliyechimba."

Nilimjibu bila kugeuka. "Aliyechimba ni kaka yangu. Tumekua tukilala kitanda kimoja. Sihitaji mkalimani."

Nikampigia kaka, lakini kumpa jibu, si kumuuliza. "Punguza upepo wa matairi, ingia na gia namba mbili, usisimame katikati. Utapita."

"Umeapa?"

"Kompyuta haiapi, kaka. Inahesabu."

Akacheka. "Haya, Dokta."

Mvua zilikuja wiki tatu baadaye. Mgonjwa wa kwanza aliyepakiwa alikuwa mama.

Mama aliishi kwa kaka. Asubuhi hiyo kifua kilimbana, akawa anavuta pumzi kwa kuikwangua. Kaka alimlaza nyuma ya gari, muuguzi kando yake, akapunguza upepo kama nilivyomwambia, akashika njia ya bondeni. Waliingia saa mbili asubuhi. Trekta liliwavuta saa nane mchana. Mama alikuwa ameshatutoka tangu saa tano.

Msibani mjomba hakungoja hata viti vipangwe. "Dereva wa miaka yote hiyo, hujui tope ukiliona? Haraka zako ndizo zimemmaliza dada yangu!"

Kaka aliinamisha kichwa. Hakunitaja. Nami, nikiwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, niliamini kabisa kwamba amekosea yeye: amesimama katikati, au amekanyaga mafuta kwa hofu. Hesabu zangu zilikuwa safi. Nilimlilia mama, na chini ya kilio nikamkasirikia kaka. Wiki hiyo hiyo akarudisha ufunguo wa gari hospitalini, akasema hatashika usukani tena.

Niliporudi kazini nilitaka kuvitupa vile viroba. Nikafungua cha CHINI. Ndani, pembeni, palikuwa na ndago, lile gugu la mashambani. Imechipua, majani matatu yaliyopauka, imekaa kwenye bonge lenye mizizi na nyasi zilizooza.

Nilisimama nalo mkononi. Ndago haioti chini ya tabaka la changarawe. Ndago na nyasi hukaa juu kabisa, jua linapofika.

Nikapiga simu. "Kaka, vile viroba. CHINI ulichimba wapi?"

"Chini, bondeni. JUU ni kule kilimani, kwenye nguzo ya umeme. Kwani wewe ulielewaje?"

Bonde zima lilikuwa mfinyanzi, toka usoni hadi kusikojulikana, na mimi nilikuwa nimelivisha ngozi ya kilima.

Nilirudisha udongo mahali pake ndani ya kompyuta, nikaendesha upya. Nikabadilisha upepo, nikabadilisha mwendo, nikakata kona mapema, siku nne mfululizo. Kila mara kioo kiligeuka chekundu na tairi likajichimbia shimo. Hapakuwa na dereva ambaye angepita. Ningeweza kuizima mashine na kunyamaza, kaka abaki na lawama aliyokwisha kuipokea. Nililifikiria hilo, sitajisafisha.

Nilimkuta sebuleni kwake, anamenya kiazi polepole mno. Nikaweka kompyuta mezani, nikamwonyesha majaribio niliyorekodi siku zile nne. Tairi likazunguka, likazama.

"Zungusha tena," alisema. "Ningekata kona mapema?"

Nikafungua jaribio la kona. Likazama.

"Ningejaza upepo?"

Likazama.

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna, kaka. Nilipaswa kukwambia uzunguke. Nilidhani juu ni juu ya ardhi, na chini ni chini yake."

Alikiweka kisu. "Uliniuliza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilidhani najua."

Akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na meza, "Tulipokwama nilitetemeka. Mama ndiye alinituliza. Alisema, usiogope, mwanangu, mdogo wako amepiga hesabu. Akarudia tena na tena. Amepiga hesabu."

Nilimwomba anipige. Sikutania. Alikichukua kisu, akaendelea kumenya kiazi.

Jumapili niliwaita mjomba na ndugu wote, nikasimama, nikasema yote, na ndago ile nikaiweka mbele yao. Kaka alitoka nje kabla sijamaliza. Mwezi uliofuata alichukua tena ufunguo wake, na mvua ikinyesha anazunguka, saa tatu.

Tunaonana. Ananisalimia, ananiuliza habari za kazi, ananikaribisha chakula. Hana kinyongo, kila mtu anasema hivyo. Ila tangu siku ile ananiita kwa jina langu.