Leseni ya Okware

Mchana ule wa mwaka 1966, Okware alipoondoka Merikit, lori lake lilikuwa limejaa pamba na kichwa chake kimejaa ajono. Tangu asubuhi alikuwa amekaa na jamaa zake kuzunguka chungu cha pombe hiyo ya wimbi, kila mtu na mrija wake, wakisherehekea mtoto wa dada yake kupewa jina. Hakuna aliyemzuia kuondoka. Alikuwa ameendesha malori kwa miaka kumi na miwili, na watu walimwamini kuliko alivyostahili.

Karibu na Kisoko alimkuta mwanamke akisukuma baiskeli pembeni mwa barabara, gunia la viazi vitamu limefungwa nyuma. Okware alimwona. Mguu ndio uliochelewa kufika kwenye breki. Ubavu wa lori ukamtupa mwanamke yule mtaroni, yeye na baiskeli yake.

Aliitwa Loice, mjane, mkulima wa hapo hapo Kisoko. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti. Gari lililokuwa likipita lilimkimbiza hospitali ya Tororo, na Okware akachukuliwa na polisi.

Siku zile hapakuwa na chombo cha kupuliza ili ulevi usomwe. Daktari ndiye aliyempima dereva: tembea juu ya mstari wa chaki, gusa pua, hesabu kurudi nyuma. Lakini siku hiyo daktari alikuwa akiuunga mguu wa Loice. Alipofika kituoni jua lilikuwa limezama, na Okware, aliyekwisha kunawa na kulala, akaufuata mstari kama askari wa gwaride. Daktari akaandika kwamba hakuona dalili za ulevi.

"Umeponyoka," rafiki yake Omoding, dereva mwenzake, alimwambia. "Kortini sema breki zilikataa. Hakuna karatasi inayosema ulikunywa."

Okware akakubali. Hata usingizi aliupata.

Siku ya kesi Loice aliingia kwa magongo. Hakimu alipomwuliza ilivyokuwa, alifikiri sana.

"Bwana Hakimu, mimi naona lori, halafu naona mbingu. Labda makosa ni yangu. Labda nilikuwa katikati ya njia."

Okware aliyatazama magongo yale. Mama huyu alikuwa akijitwika mzigo ambao yeye ndiye aliyeushusha juu yake. Akasimama kabla hajaitwa.

"Mama huyu alikuwa pembeni kabisa. Breki zilikuwa nzima. Mbovu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimelewa."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Unajua kwamba daktari alikuandikia mazuri?"

"Najua. Alinikuta nimeshapoa."

Omoding aliinamisha kichwa. Okware akapewa miezi miwili jela, na leseni ikachukuliwa kwa miaka miwili.

Alipotoka gerezani alikwenda Kisoko na ng'ombe wawili wa kulimia wa baba yake. Loice alimkuta shambani kwake, ameshalima hadi katikati.

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa, mama."

Loice alinyoosha gongo kuelekea pembeni mwa shamba. "Basi angalia mihogo yangu. Usiikate."

Alilima msimu ule, na mingine iliyofuata. Walizungumza kidogo, kisha zaidi kidogo. Pombe hakuigusa tena. Mwanzoni jamaa zake walimcheka, baadaye wakaanza kumwekea uji wake.

Leseni ilirudi mwanzoni mwa 1969, lakini kazi haikurudi. Matajiri watatu wa malori walimjua kwa jina, wakamfungia mlango. Wa nne alikuwa Oguttu wa Busia, aliyesafirisha mahindi.

"Kuendesha unajua," alisema Oguttu. "Lakini nani atanihakikishia habari zako?"

Okware akaaga. Aliporudi Kisoko alimweleza Loice, kwa sababu tu aliulizwa. Kesho yake alfajiri mama yule akafunga kitambaa kichwani, akachukua fimbo yake, wakapanda basi pamoja.

"Mimi nitamsemea," Loice alimwambia Oguttu.

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye aliyegongwa."

Oguttu alimtazama mama, akaitazama fimbo, kisha akamtazama Okware, ambaye macho yake yalikuwa chini. Alichukua ufunguo wa lori uliokuwa ukining'inia ukutani, akauweka mkononi mwa Loice.

"Mpe wewe," alisema.

Loice akampa.