Kofia za Wimbo wa Bibi

Mhariri wa kitabu cha kwaya alitupa muda hadi saa sita mchana tumtumie wimbo wa Bibi, na sharti moja: herufi ziwe za kawaida.

"Hivyo vialama vinavyokaa juu ya herufi kama kofia, vitoe," alisema kwenye simu. "Vinachafua ukurasa."

Bibi yangu, mwenye wimbo, alikuwa ameketi ubavuni mwangu, miwani puani. Nyimbo zake tatu zilishaingia katika vitabu vya huyo bwana zikiwa zimenyolewa vialama hivyo vya matamshi, na waimbaji wasioijua lugha yetu wakaziimba kama watu wenye pipi mdomoni. Huu wa nne aliapa hautanyolewa.

"Mume wangu," akaniambia, "si umemaliza kidato cha nne? Haya, wavishe watu kofia zao."

Kumbe programu ya muziki haina adabu. Kila nilipobonyeza vitufe vya kuweka kofia, yenyewe ilidhani naiamuru, ikarefusha nota. Silabi ya mpigo mmoja ikawa ya minne.

"Huyo mwimbaji atakata roho kabla ya ubeti wa pili," Bibi akasema.

Nikaacha kubishana na mashine. Nikaandika maneno yote kwenye programu ya barua, nikayanakili, kisha nikayabandika chini ya nota, silabi moja moja. Vikatokea visanduku vitupu! Nikabadilisha fonti, kofia zikajitokeza. Silabi mia na themanini, na Bibi alizifuata zote kwa kidole hadi kioo cha kompyuta kikajaa mafuta ya kujipaka.

"Hapo umekosea."

"Wapi, mke wangu?"

"Hapo. Kofia imemwangukia jirani."

Saa tano na nusu nikatuma. Haikupita muda simu ikalia.

"Kijana, si nilisema uzitoe? Sasa nazifuta mwenyewe."

"Jaribu, mzee."

Nikasikia mausi ikibofywa, ikibofywa tena, kwa hasira.

"Mbona hazishikiki?"

"Nimeugeuza ukurasa mzima kuwa picha. Ukifuta kofia, unafuta na nota."

"Basi wimbo wenu hauingii!"

Hapo mzaha ukanikauka. Kitabu kingine ni baada ya miaka mitano, na Bibi ana sabini na tisa. Nikafungua mdomo nimwambie mhariri tutalegeza kidogo. Bibi akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, utoe tu wimbo wangu kitabuni. Lakini siku ya kuzindua kitabu si kwaya yangu ndiyo inaimba? Tutakuja. Tutasimama mbele ya wageni wako, watu arobaini, midomo tumefunga, tunakutazama wewe tu."

Bibi aliishikilia simu na kungoja kama anayengoja chenji yake.

"Hiyo picha," mhariri akasema hatimaye, "upana wake sentimita ngapi?"

Bibi akanirudishia simu. "Anakuuliza wewe."

"Kumi na saba," nikasema. "Na usiibane."