Asiye na Neno Amekubali

Marehemu baba yao alikuwa karani wa mahakama, na alipostaafu aliihamishia mahakama nyumbani. Jambo lolote la familia, liwe kubwa kama ndoa au dogo kama rangi ya mlango, lilipelekwa kikaoni. Watu wakae, jambo lisemwe, kisha yeye aulize: "Kuna mwenye neno?" Asiye na neno amekubali, na lililokubaliwa limepita, halirudi tena hata ulie machozi ya damu. Baba alikwenda zake kaburini, kikao kikabaki. Kiti chake alikirithi Dada Mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye hata akiomba chumvi mezani utadhani anasoma matokeo ya mtihani.

Kitinda mimba wa nyumba ile, fundi cherehani, waliyemwita Mziwanda tangu anyonye, hakuwahi kuwa na neno. Si kwamba alikuwa bubu. Kila alipojiandaa kusema, wakubwa walikuwa wameshafika jambo la pili. Mama alipopigwa na kiharusi, akapoteza ulimi na upande wote wa kulia, kikao kiliamua kwamba Mziwanda ahamie kwa mama na cherehani yake. Kiliamua hivyo yeye akiwa jikoni anawachemshia chai. Aliporudi na sinia Dada alimwambia, "Tumeuliza mwenye neno, hukusema." Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Mchumba wa Mziwanda wakati ule, fundi wa redio, alivumilia weee, mwisho akaoa kwingine. Bibi harusi, ambaye hakujua lolote, alipeleka kitambaa cha gauni kwa Mziwanda, naye akalishona, na likamkaa bibi harusi yule vizuri kweli.

Sasa Dada alikuwa anatimiza miaka hamsini, na alitaka kwenda kula raha mwisho wa juma katika ule mji wa jangwani ambako siku hizi kila mtu lazima apige picha. Kikao kilikaa chumbani kwa mama kama kawaida, mama akiwa ameegemezwa mito, macho yake yakimfuata kila anayesema.

"Mpango wote apewe Mziwanda," alisema Dada. "Ndiye mwenye nafasi. Si anakaa tu nyumbani."

Anakaa tu nyumbani. Anamgeuza mama asipate vidonda, anamlisha, anamwogesha, anafua mashuka, na katikati ya hayo yote anashona sare za shule za watoto wa mtaa mzima. Lakini siku ile hata hakulisikia lile tusi. Alisikia jina lake na jina la ule mji vikitajwa kwa pumzi moja, na moyo ukamruka kama wa mtoto aliyeahidiwa viatu. Hakuna aliyesema anakwenda. Ila pia hakuna aliyesema haendi, hakuna aliyekuwa na neno, naye alikuwa mtoto wa nyumba ile, sheria anaijua. Kosa lake ndilo hilo. Alidhani sheria ya baba inakata kotekote.

Basi akapanga, na alivyopanga utasema anahama. Alikuwa na mteja, mke wa dereva wa lori, aliyewahi kuishi kule, akamganda yule mama kila alipokuja kupimwa nguo. Akaambiwa kuta za kule ni za udongo, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba kivuli hakitoki mchana kutwa. Akaambiwa mchana unaungua na usiku unatetemeka, kwa hiyo asije mtu na nguo za pwani. Akaambiwa jioni watu wote hupanda juu ya mapaa na kukaa kimya kutazama mchanga ukibadilika rangi. Hilo la watu kukaa kimya pamoja kwa kupenda kwao lilimwingia sana.

Alitafuta nyumba ya wageni yenye paa la kukalia, akachukua vyumba viwili: kimoja cha Kaka na mkewe, kingine cha vitanda viwili, cha Dada na chake. Alishona majoho manne, mapana, mepesi, yenye mikono ya kuzuia jua, na mitandio yake. Kila akimgeuza mama alimsimulia. "Kuna mchanga hadi macho yachoke, mama. Nitakuja nikwambie." Mama alimtazama tu.

Siku ya kujaribu majoho walikuja wote. Wifi, mke wa Kaka, mwanamke aliyejipenda hadi akawa hana wa kumwongezea, alijizungusha mbele ya kioo, kisha akaliona lililobaki kwenye msumari.

"Na hili la nne la nani?"

"Langu," alisema Mziwanda.

Kaka, muuza matairi ambaye tumbo lake huingia mlangoni kabla yake, ndiye aliyeanza kucheka. "Mziwanda, wewe na jangwa wapi na wapi? Si unaungua hata ukienda kuanika nguo."

"Chumba cha Dada nimechukua cha vitanda viwili."

"Umefanya vizuri," alisema Dada. "Cha pili nitaweka mizigo."

Mziwanda alijaribu tena. "Nimeongea na yule mkunga jirani. Anaweza kukaa na mama hizo siku mbili."

"Mtu baki amshike mama yangu mzazi? Watu watasemaje, kwamba hakuzaa watoto wa kike?" Dada alisema hayo akijifunga mtandio, mtoto wa kike wa kwanza wa mama yule yule, ambaye tangu kiharusi kile hakuwahi kumshika mama hata kidole.

"Usinune, wifi," alisema Wifi. "Tutakuletea mchanga kwenye chupa."

Safari hii hata Dada alicheka. Kisha akarudisha uso wa mwalimu mkuu. "Mimi na Kaka na Wifi tunakwenda, Mziwanda anabaki na mama. Kuna mwenye neno?"

Mziwanda alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilikuwa limekaa kooni tayari. Akamtazama mama, akitumaini sijui nini, na mama alikuwa akipigapiga godoro kwa mkono wake mzima, hapa, hapa, kama anavyoitwa paka aje alale. Neno likarudi lilikotoka.

"Basi, limepita," alisema Dada.

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wanaosema hivyo mara nyingi ndio wanaoishi na mtu mkimya bila kuchukua tahadhari. Mziwanda hakulia. Alimaliza kupiga pindo majoho matatu, akapiga na la nne, kisha akaenda kwa mkunga jirani.

Mkunga alikuwa mjane mstaafu, mtu wa maneno machache na mikono mizito. "Mimi watu nimeanza kuwashika hawajafungua macho," alisema. "Mama yako hatanishinda. Nenda kapumue. Ila waambie nduguzo kwamba nipo naye, wasije wakahangaika."

"Nitawaambia," alisema Mziwanda, na alikuwa anamaanisha.

Asubuhi ya safari Dada alipiga simu. Hawatapita nyumbani, mama akiona mabegi atasumbuka bure. Mziwanda awapelekee majoho kwenye kituo cha mafuta, pale barabara inapotoka mjini.

"Na mama nimwache na nani?"

"Dakika chache hazimuui," alisema Dada.

Mziwanda alimwogesha mama, akambadilisha shuka, akamnywesha uji wote. Kisha akasimama kando ya kitanda na begi lake mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafungua kikao.

"Mama, nakwenda na wenzangu. Nitarudi Jumapili. Una neno?"

Mdomo wa mama ulicheza. Macho yakajaa maji. Mkono mzima ukatoka chini ya shuka, ukashika sketi ya Mziwanda, ukakaza kwa nguvu ambayo mtu asingedhani imo humo. Mziwanda alimpenda mama yake. Lakini pia alikuwa amechoka, na uchovu wa namna ile una roho mbaya. Alivibandua vidole vile kimoja kimoja, akaurudisha mkono juu ya shuka.

"Hujasema neno, mama," alisema. Mkunga alikuwa ameshaingia na anavua kandambili mlangoni, akajifanya hakusikia.

Gari la Kaka lilikuwa linajazwa mafuta. Mziwanda alifungua mlango wa nyuma, akakaa karibu na Dada, akagawa majoho, la nne akalivaa.

"Unafanya nini?" aliuliza Dada.

"Nakwenda nanyi."

"Mama yuko na nani?"

Jibu alikuwa nalo. Yuko na mkunga, amekula, amelala. Lakini kilichomkera ni ile sauti. Haikuwa ya mtu anayemwogopea mama. Ilikuwa ya mwalimu aliyemkuta mwanafunzi nje ya darasa. Na hapo shetani wa siku nyingi akaamka ndani ya Mziwanda, akanyoosha miguu.

"Nimemuuliza kama naweza kumwacha," alisema. "Amenyamaza."

Alisubiri kofi. Angepigwa siku ile angefurahi, angesema palepale mkunga yupo, wakacheka au wakagombana, yakaisha. Kaka alimtazama kupitia kioo. Wifi akapandisha kioo cha dirisha.

"Geuza gari," Dada alimwambia Kaka.

"Nigeuze, halafu ashuke nani?"

"Wewe si mtoto wake wa kiume?"

"Mimi nitamvua nguo mama yangu? Shuka wewe."

"Hii ni siku yangu mimi. Basi Wifi."

"Mimi hakunizaa," alisema Wifi.

"Mziwanda, shuka."

"Sishuki."

Mtu wa mafuta aligonga bodi kuashiria tayari. Nyuma yao gari lingine lilipiga honi. Kaka alitia gia, akasogea taratibu sana, kama mtu anayengoja kuambiwa simama. Hakuna aliyemwambia. Walipita mzunguko wa mwisho wa mji, pale ambapo mtu akitaka kurudi ndipo hugeuzia, na Kaka akaupita ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Maji umemwachia?" aliuliza Dada baada ya muda.

"Yapo."

"Amekunywa uji?"

"Asubuhi."

"Basi unaona," alisema Kaka. "Mtu hafi kwa njaa ya siku mbili. Mama yule ana nguvu sana, hamumjui."

"Na vile hageuki," alisema Wifi, "hata kuanguka hawezi."

Dada alikuwa anajifunga mtandio.

Mziwanda aligeuza uso dirishani. Lile neno, mkunga, lilikuwa bado mdomoni, na kila kilima walichopita alijiambia kilima kinachofuata atalisema. Alimngoja mmoja wao. Hata mmoja. Hata Kaka apunguze tu mwendo. Barabara ilinyooka, miti ikapungua, ikawa vichaka, vichaka vikawa mawe, na Kaka akawasha redio. Hapo ndipo alipoelewa jambo ambalo labda angepaswa kulielewa siku ile akiwa jikoni na birika la chai. Kama mama aliyewazaa anaachwa hivi kwa sababu ya picha, basi siku yeye Mziwanda akianguka kando ya cherehani yake hakuna atakayegeuza gari. Aliogopa. Kisha akakasirika, na hasira ikamfaa zaidi.

Mji ulikuwa vilevile alivyosimuliwa. Kuta za udongo, vichochoro vyenye vivuli, mchanga hadi macho yachoke. Alitembea nyuma yao siku nzima iliyofuata akiwa amebeba mitandio. Majoho yalisifiwa na watu wasiowajua, na Dada akasema ameyanunua. Walikula vizuri. Walipiga picha. Hakuna aliyemtaja mama, na kila mmoja alicheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Alasiri simu ya Mziwanda iliita. Alikuwa mkunga.

"Amekula, nimemgeuza, yu salama. Ila anautazama mlango tu. Nduguzo wanasemaje?"

"Wanamsalimia," alisema Mziwanda.

Alipokata, watu watatu walikuwa wamegeuka kumtazama, na nyuso zao zilikuwa zimepauka.

"Nani huyo?" aliuliza Dada.

"Mteja. Anaulizia gauni lake."

Wakapumua, na hata kupumua kwao kulimchukiza. Walichoogopa ni habari na lawama zake, si hali ya mama.

Jioni walipanda juu ya paa kutazama mchanga ukibadilika rangi. Watu wengine walikuwa wamekaa kimya, kama yule mteja alivyosema. Dada alivuta kiti, akawaita karibu, akashusha sauti.

"Kesho tunarudi. Tukikuta salama, sawa. Tukikuta..." Alikohoa. "Tukikuta lolote, maneno yawe mamoja. Sisi watatu tulijua Mziwanda yupo na mama. Alitufuata kwa basi, tukamkuta huku, akatwambia amemwacha na mtu. Sisi tungejuaje?"

Kaka alikuwa anakwangua uchafu kwenye kucha. Wifi alikuwa anafuta kioo cha simu kwa pindo la joho. Mziwanda alitazama mmoja mmoja. Neno moja tu, na watu watatu wangelala usingizi.

"Kuna mwenye neno?" aliuliza Dada.

Jua lilikuwa limegusa mchanga. Mziwanda alikunja mikono ndani ya joho lake na akafanya kile alichofundishwa nyumbani.

"Basi, limepita," alisema Dada. Akasimama, akajikung'uta, akamwomba mgeni mmoja awapige picha ya familia kabla giza halijaingia. Mtandio wake ulikuwa umelegea, akamwinamia Mziwanda amfunge. Mziwanda alimfunga vizuri, kisha akasimama katikati yao, akatabasamu.