Vijiti Viwili vya Memori na Kitabu cha Ukoo

Mimi si mtu wa kutulia, na mwaka ule nilizidi. Nilikuwa nimepewa kazi ya kukipiga picha kitabu cha ukoo wetu wa Tseng, kurasa mia nne na kumi na mbili, majina ya vizazi kumi na tisa, kabla mchwa hawajamalizia kilichobaki. Picha zikikamilika, kitabu kipya kingechapishwa na cha zamani kingechomwa mbele ya madhabahu ya mababu. Ndivyo tunavyofanya. Ukoo hauwi na vitabu viwili, watu wasije wakagombania kipi ndicho cha kweli.

Kazi hiyo niliipigania. Katika kitabu kile binti wa Tseng haandikwi. Akiolewa anaandikwa kwa mumewe, asipoolewa haandikwi popote. Nikawaambia wazee: nitafanya kila kitu mwenyewe, bure kabisa, lakini mabinti waingie. Baba Mkubwa Te-kuang, mkuu wa ukoo, alinikagua kama samaki wa sokoni.

"Sawa, Chiao. Wataingia. Ila ukipoteza hata jina moja la wazee wetu, mabinti wote wanatoka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," nikajibu, na kiburi changu chote.

Nje, Shangazi Man-moi alinishika mkono. Ana miaka themanini na nane, hakuolewa, ujana wake wote aliumalizia kwenye kuchuma chai ili wadogo zake sita wale na wasome. Huyo Baba Mkubwa mwenyewe alibebwa mgongoni kwake.

"Kweli wataniandika, mwanangu? Nikiwa hai?"

"Kweli, Shangazi."

Basi, hapo nikawa nimejifunga.

Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu, inazimika ikijisikia, nikaamua kuunga nyingine nyumbani kwa mikono yangu. Vifaa vingine havikunipa shida. Kilichoninyima raha ni memori, vile vijiti vya ndani vinavyoshika kila kitu kompyuta inapokifanyia kazi. Nimefundisha hesabu miaka thelathini, najua kosa baya si lile linalopiga kelele, ni lile linalopita kimya. Memori mbovu haisemi kitu. Unahifadhi picha, inapokea vizuri tu, kumbe imeshavuruga kitu ndani, na wewe unaendelea na kazi huku unapiga mluzi.

Nilikwenda soko la kompyuta Taipei mara tatu. Mara ya tatu Peng, yule muuzaji, aliponiona alijishika kichwa.

"Mwalimu! Umerudi tena? Si uchukue hizi zenye taa? Zinawaka rangi saba, na kasi yake balaa."

"Nina majina ya marehemu, Peng, sina disko. Ipi haikosei?"

"Zote hazikosei."

"Usinifanye mtoto. Na lile boksi la zilizorudishwa hapo nyuma yako, zimerudi kusalimia?"

Akacheka, kashikwa. "Haya, yaishe. Iko inayojisahihisha yenyewe, lakini inataka ubao mkuu wa kompyuta wa aina nyingine, na kuagiza ni wiki sita."

"Wiki sita sina."

"Basi chukua jozi hii. Haina taa wala mbwembwe, vijiti viwili vimetoka kiwandani pamoja. Usivichanganye na vingine. Na kabla hujagusa kazi yoyote, endesha programu ya kuipima, raundi nne kamili. Ni kama saa kumi hivi. Ukiona mstari mwekundu hata mmoja, niletee nikubadilishie, hakuna maneno."

"Raundi nne."

"Nne, Mwalimu. Moja haitoshi."

Nikaunga kompyuta sebuleni. Kesho yake alfajiri nikawasha ile programu, nikaanza kuzunguka nyumba, nafuta vumbi palipofutwa. Saa tatu asubuhi mlango ukagongwa. Ni Baba Mkubwa na wazee sita, na udi, na kalenda ya siku njema mkononi. Shangazi naye alikuwa nyuma yao. Kalenda ilisema kazi ianze kabla ya saa tano, basi ndiyo wamekuja. Baba Mkubwa akaweka juu ya mashine ile pakiti ya kijani ya vitafunio, inayokaa juu ya kila mtambo hapa kwetu ili usilete ukaidi.

"Mbona inazungusha namba tu?" akauliza.

"Inapimwa, Baba Mkubwa. Bado raundi tatu."

"Mpaka lini?"

"Jioni."

"Jioni! Saa njema inaisha saa tano, na siku njema nyingine ni mwezi wa nane. Pakiti nimeweka, ya kijani, tarehe yake haijapita. Itatulia. Anza."

Raundi ya kwanza ilikuwa safi. Udi ukafuka, wazee saba wakanikodolea macho, na Shangazi amevaa nguo yake ya buluu ya sherehe. Nikakatiza kipimo. Mimi huyu, niliyekuwa nikiwarudishia wanafunzi karatasi kwa kutokagua majibu yao! Nikajiambia nitapima kesho. Kesho ikawa na kurasa ishirini, keshokutwa ishirini nyingine. Wiki tatu nzima nilipiga picha na kila siku nilijiambia kesho.

Siku moja kabla ya kuchoma nilimaliza ukurasa wa mwisho. Ilikuwa mchana, na wazee wakaja kukichukua kitabu. Badala ya kufurahi, nikazikumbuka zile raundi tatu nilizokatiza. Nikaiwasha programu na kuiacha ijizungushe. Asubuhi nilipoiangalia, raundi ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu mistari myekundu kumi na saba.

Nikafungua picha bila mpangilio. Sawa. Sawa. Sawa. Ukurasa wa mia mbili na saba, nusu ya chini kijivu kitupu. Kizazi cha saba, ndugu wanne na wake zao, hawapo. Na kama huo umeharibika, nyingine ni ngapi? Nakala niliyoweka pembeni nayo ilipitia kwenye mashine ile ile, na kamera nilikuwa naifuta kila jioni. Ilikuwa saa nne na nusu. Kitabu kinachomwa saa tano.

Nilikimbia mpaka jumba la mababu. Sitawadanganya: njia nzima nilikuwa natafuta namna ya kunyamaza. Nani atafungua ukurasa wa mia mbili na saba? Nikinyamaza, Shangazi anaandikwa. Nikisema, nimemfuta kwa mdomo wangu. Nilijichukia, nikamchukia Peng, nikaichukia na kalenda.

Nilipofika moto ulishawaka kwenye beseni la shaba. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunuliwa ukurasa wa mwisho, na wino na brashi pembeni kwa ajili ya kuandika tarehe ya kuchomwa. Shangazi alikuwa kiti cha mbele, na ile nguo yake ya buluu. Akanitabasamia. Nikaona nikisubiri zaidi sitasema tena.

"Msichome!" Nilipiga kelele mpaka nikajishtua. "Picha zimeharibika. Memori niliyochagua ni mbovu na mimi sikumaliza kuipima. Kosa ni langu."

Baba Mkubwa akaweka koleo chini polepole.

"Majina mangapi?"

"Nimeona manane. Mengine sijui. Nipeni wiki tatu nipige upya, kwa memori nyingine, iliyopimwa raundi zote."

"Utapewa." Hakunitazama. "Na makubaliano yetu unayakumbuka."

"Nayakumbuka."

"Mabinti wanatoka. Watazungumziwa kitabu kikirekebishwa tena, miaka thelathini ijayo."

Nikaanza kulia pale pale, kilio cha aibu, kamasi na kila kitu. Sikuweza kumtazama Shangazi. Nilimsikia tu akihesabu kwa sauti.

"Thelathini. Nitakuwa na mia na kumi na nane. Te-kuang, siku hiyo utanipikia tambi?"

Wengine wakacheka, kwa kujilazimisha. Yeye akainuka, akaegemea meza, akatembea mpaka kilipo kitabu. Akashika brashi. Shangazi hajui kusoma. Anajua herufi tatu tu za Kichina, zinazotosha jina lake zima, alizojifunza ili asaini mshahara wa chai.

"Dada, unafanya nini?" Baba Mkubwa akauliza.

"Tulia, mdogo wangu."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jina la baba yao, na chini yake majina ya wanawe sita yamejipanga kutoka kulia, mkubwa kwanza. Kulia kwa la kwanza palikuwa na nafasi. Shangazi alichovya wino akaandika hapo, kwa makini, ulimi umetoka kidogo, herufi kubwa zilizopinda kuliko zote za kitabu kile. Tulimwangalia mpaka akamaliza. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Akaipuliza ile karatasi ikauke, akamgeukia Baba Mkubwa.

"Haya," akasema. "Nami nimo. Kichome sasa."

Baba Mkubwa alimwangalia dada yake, akaangalia ukurasa. Kisha akachukua birika la chai akalimimina lote kwenye moto.